Pampu Isiyofika Juu

Chakula kilimtangulia Georgette kufika kasho, mahabusu ya polisi. Kilikuwa katika sufuria ya kijani yenye mfuniko mwekundu, imefungwa kwa kitambaa cha jikoni, na Firmin, polisi wa zamu, alikwisha kuifungua mezani. Alichukua kipande chake cha waya, akakidunga kwenye bugali huku na huku akitafuta wembe, akakoroga sombe ya majani ya muhogo, akageuza dagaa wa sambaza mmoja mmoja. Aliporidhika akafunika, akagonga mlango wa chuma kwa ngumi.

“Zagabe. Chakula.”

Georgette, OPJ wa kesi hii, yaani afisa mpelelezi, akasubiri mtu ale kwanza. Ndiyo desturi yake. Mtu mwenye njaa atakiri hata kosa la jirani yake, ilimradi maswali yaishe. Na huyu Zagabe, fundi umeme, alikuwa amekonda tayari, mashavu yameingia ndani, anakula amechuchumaa mgongo ukutani bila kuinua macho.

Kesi yenyewe kila mtu mjini aliijua. Juma lililopita Papa Benoît, mkurugenzi wa shirika moja la maji safi, alikutwa amekufa katika chumba cha chini cha nyumba yake, mkono wa kuume ungali ndani ya tangi la akwariamu. Umeme ulimpiga. Ndani ya tangi palikuwa na pampu, waya wake umepasuka shingoni. Aliyefunga mitambo ya ile akwariamu ni Zagabe, kwa hiyo Zagabe akasombwa na kutiwa ndani. Mchana wa leo jeep ya parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, ilikuwa inakuja kumchukua kumpeleka gerezani, na mtu akishaingia huko faili yake hulala, hakuna mwenye haraka ya kuiamsha.

“Maman OPJ,” Zagabe alisema akilamba vidole, “nilisema, na ninarudilia. Ile pampu walinionesha mu foto haiko yangu.”

“Kila fundi anasemaka vile.”

“Yangu ilikuwa ya vingt-quatre volts. Iko na kaboiti yake, kasanduku nyeusi ya kupunguza umeme, inabaki ku ukuta, kisha waya mwembamba njo unaingia mu maji. Ile haiwezi kuua hata panya. Papa Benoît mwenyewe njo aliomba vile, juu alipenda kutia mukono mu maji, kushikashika mawe yake. Alikuwa anasema, maji yangu haiume.”

“Na hiyo kaboiti iko wapi? Sisi hatukuiona.”

“Muulize wenye nyumba.” Akaisukuma sufuria pembeni. “Mutoto wangu amezaliwa Luvungi, maman. Hata sura yake sijaiona.”

“Kama bibi yako iko Luvungi, nani anakuletea chakula?”

“Sijue. Nilifikiri ni watu wa kanisa.”

Firmin akadakia kutoka mezani. “Ni maman mumoja, muzee kidogo. Anaacha sufuria, anauliza kama alikula ya jana, anaenda. Haseme jina.”

“Na weye hukumuuliza?”

“Mutu analeta chakula, maman, nitamuuliza nini?”

Hilo nalo lilikuwa kweli. Kasho haina jiko. Asiye na mtu nje hula makombo ya wenzake, na anayeleta sufuria hubarikiwa, hahojiwi. Georgette akaliacha. Akatia sahihi, akaitoa ile pampu katika kabati la vielelezo, akaitumbukiza katika mfuko mweusi wa plastiki. Mlangoni akakutana na commandant wake anapiga mswaki.

“Midi, saa sita kamili, Georgette,” commandant alisema, povu mdomoni. “Jeep haingoje. Uniletee mutu, si maneno.”

Nyumba ya marehemu ilikuwa imejengwa mtelemkoni, kama nyumba zote za mtaa ule: lango lipo juu barabarani, sebule inatazama ziwa, na chini ya sebule kuna chumba kilichochimbwa kwenye ubavu wa mlima. Matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Makochi yote yametolewa nje, mikeka imetandikwa, na wanawake wamejaa sakafuni na rozari zao. Kitu kimoja tu hakikuweza kutolewa. Akwariamu ilikuwa palepale ukutani, ndefu kuliko kitanda, maji yake yamechafuka. Samaki wachache wenye milia walikuwa wanahema karibu na uso wa maji, na wengine wamegeuka matumbo juu.

Mjane, Noëlla, alikuwa amesimama hapo na upawa wa mchuzi. Anachota maji, anayamwaga kutoka juu yarudi na hewa, anachota tena.

“Yeye njo alizipenda,” alisema bila kugeuka. “Mimi nilichukia makelele yake. Sasa nasikia aibu zikifa.”

Mwanamke mmoja mzee aliyekuwa anaongoza rozari akanyamaza, akaagiza Maman OPJ apewe chai. Huyo ni Agathe, dada mkubwa wa marehemu, mjane anayekaa katika anexe, kijumba kilicho nyuma ya nyumba. Georgette alimfahamu kwa msiba wake mwenyewe: Akonkwa, mwanawe wa pekee, fundi wa pampu katika shirika la mjomba wake, aliuawa kwa risasi mwaka jana katika barabara ya Bunyakiri.

“Pole na kazi, mutoto wangu,” Agathe alisema. “Ule kijana mutamupeleka leo?”

“Mchana, maman.”

Agathe akaitikia kwa kichwa, akaendelea na rozari yake pale alipoiachia.

Chumba cha chini kilinuka makaa na viazi. Tangi la pili lilikuwa sakafuni, nusu ya ukubwa wa lile la juu. Mabomba mawili yalipenya dari: moja linashusha maji ya sebuleni yaje yachujwe, la pili linayarudisha. Noëlla ndiye aliyeamuru mitambo iwekwe huku, kwa sababu ya kelele. Georgette akatoa utepe wa kupimia, akampa mjane ncha moja apande nayo, naye akabaki chini, wakaitana kwa sauti kupitia tundu la dari mpaka wakapata. Kutoka maji ya chini mpaka mdomo wa bomba la juu zilikuwa karibu mita nne, na bomba lenyewe lilikuwa na viwiko vitatu.

Akaitoa pampu mfukoni. Nzito, imeota utelezi, na ubavuni ina kibati cha maandishi. Mkabala wa herufi H palikuwa na mita moja nukta nane. Hakuwa fundi wa maji, lakini kusoma alijua. Kisha akainua tochi ukutani. Karibu na soketi palikuwa na mstatili mdogo mweupe katikati ya masizi ya makaa, na matundu mawili ya skrubu.

“Hapa palikuwa nini?” aliuliza Noëlla aliporudi.

“Kaboiti. Keusi, na taa yake ya kijani.”

“Ku maandiko ya procès-verbal ulisema hushuke huku hata siku moja.”

Mjane akakaa juu ya gunia la viazi. Akauficha uso viganjani, na Georgette akaanza kudhani amempata mtu wake, na kwa kweli roho yake ilimuuma, maana mwanamke huyu alikuwa na watoto huko juu.

“Nilikuwa nashuka,” Noëlla alisema. “Yeye akilala, naizima, nipate usingizi. Asubuhi anawaza ni courant ya umeme ilienda, anawasha tena. Nilikuwa nagusa vitu sivijue. Basi nikasema, labda ni mimi. Labda niliharibu kitu, na mume wangu amekufa juu ya usingizi wangu.”

“Jioni mbele ya kifo uliizima?”

“Hapana. Ilikuwa inalia. Mpaka niko nasinzia ilikuwa inalia.”

“Nani mwingine anashukaka huku?”

“Sisi wote, maman. Viazi ni huku, makala ya jiko ni huku.”

Georgette akamwinua kwa mkono, akamwambia arudi kwa samaki wake.

Duka la Hugues lilikuwa upande wa juu wa soko la Nyawera, limebanwa na wauza mitumba mbele na kituo cha pikipiki ubavuni. Hugues, mhandisi aliyechoka kuajiriwa, aliuza sola, betri na pampu za kila namna. Georgette hakujitambulisha. Aliweka mzigo juu ya meza ya kioo.

“Nataka pampu ya aquarium, ya kuzamisha mu maji. Kubwa. Kama hii.”

“Maji inapanda metre ngapi?”

“Sikuomba metre. Nataka kama hii.”

“Maman, watu wote wanaingia hapa wanauliza litre. Litre ngapi ku saa moja. Mimi nauliza kilima.” Hugues akaisukuma pampu pembeni kwa kidole kimoja. “Huyu atakusukumia litre elfu tatu kama unamulaza ku sakafu. Umuambie apande, kila metre inakula nguvu. Kila coude, kila kiwiko ya tuyau, inakula. Fini, juu kunafika ya kunawa mikono. Unachagua kwa kilima mbele, kisha unaangalia litre gani inabaki. Yako inapanda wapi?”

“Mita nne pungufu kidogo. Na coude tatu.”

“Basi hii usinunue. Hii ni ya jet d’eau, ya kurusharusha maji mu bustani.”

“Tuipime.”

Hapo ndipo alipotoa kadi yake. Hugues akaisoma, akaitazama pampu upya, na uso wake ukabadilika. Hakuuliza ilitoka wapi. Alizima swichi kubwa, akaufunga ule mpasuko wa waya kwa utepe mpaka ukavimba, akazamisha pampu kwenye pipa la plastiki nyuma ya duka, akaipandishia bomba linaloonyesha ndani hadi kwenye ghala lake la juu. Akamkataza kila mtu kukaribia maji. Akawasha.

Maji yakapanda kwenye bomba, yakafika kifua cha Hugues, shingo, paji la uso. Juu kidogo ya kichwa chake yakasimama, yanatetemeka, hayaongezeki wala hayapungui. Wakangoja. Wapagazi wawili waliokuwa wanapita na magunia wakasimama kutazama nao.

“Pale njo mwisho wake,” Hugues alisema. “Umuache mpaka Krismasi, hatapita pale.”

“Papa Benoît alinunua kwako?”

“Kwangu. Alikaa hapa asubuhi nzima na Zagabe wake, wanabishana. Nilimupatia yenye kupanda metre tano na nusu, ili kule juu ibaki na nguvu ya kutosha. Ya volts kidogo, yenye kutembea hata na betri courant ikienda. Mutu yule alichagua pampu sawa anachagua bibi. Haikuwa hii, maman. Hii hata hangeiweka mu mufuko wake.”

Georgette alikaa juu ya boksi la betri, akapanga mambo kichwani. Akwariamu ilitembea miezi na miezi. Jioni ya mwisho mjane aliisikia inalia. Pampu hii isingefikisha sebuleni hata tone moja. Ingekuwa humo hata nusu siku, samaki wangekuwa wanahema tangu wakati huo. Basi mtu aliizima ile nzuri alfajiri, akaitoa na kaboiti yake, akatia hii, akachomeka. Benoît akaamka, akakuta maji ya sebuleni yametulia, akashuka, akatia mkono katika maji yake yasiyouma. Pampu hii haikuwekwa ipandishe maji. Iliwekwa iungoje mkono wake.

“Itoe,” Georgette alimwambia Hugues.

Utelezi ulikuwa umebaki ndani ya pipa. Sasa kwenye nyayo za mpira za pampu zilionekana chembe za rangi, buluu ya mbinguni, tabaka juu ya tabaka, na kwenye wavu wa kuvutia maji palikuwa na tone la nta lililoganda. Nta yenyewe haikumwambia kitu. Umeme unavyokatika Bukavu, kila nyumba ina mishumaa. Lakini katika nyumba ile hakuona kitu cha buluu, juu wala chini.

“Rangi hii wanapaka wapi, kwenye maji?”

“Piscine, fasi ya kuogelea,” Hugues alisema.

“Piscine gani wanawashaka bougie ya nta pembeni yake?”

Mkono wa Hugues ukaenda wenyewe kwenye paji la uso, ukashuka kifuani, ishara ya msalaba. Georgette alikuwa amekwisha kuchukua mfuko wake na kutoka kutafuta pikipiki.

Groto ya parokia, pango la Bikira Maria, ilikuwa nyuma ya kanisa, imejengwa kwa mawe meusi ya volkano, na miguuni pa Bikira kulikuwa na beseni la saruji lililopakwa buluu. Georgette alisali hapo utotoni, na kwa mwaka mzima uliopita alipita akiliona beseni limekauka. Leo palijaa watu. Maji yaliruka kwa nguvu kutoka katikati ya beseni, yakapita mikono ya sanamu, yakapita kifua, yakampiga Bikira usoni na kumtiririka mashavuni.

“Tangu juma iliyopita anatoka machozi,” mwanamke mmoja alimnong’oneza, naye mwenyewe anafuta yake. “Anatulilia.”

Georgette aliupima kwa macho urefu wa yale maji. Beseni lile lilihitaji maji ya kufika magotini pa sanamu. Mtu alikuwa ameweka humo pampu ya kupanda nyumba.

Eulalie, mama wa Lejio ya Maria mwenye ufunguo, alimfungulia kimlango cha nyuma bila kinyongo. Ndani, juu ya tofali, palikuwa na kaboiti keusi chenye taa ya kijani, na pembeni yake, kwa kalamu nyeupe, fundi alikuwa ameandika jina lake na namba ya simu, kama mafundi wote wa mji huu wanavyofanya ili wateja wasiwapotee. ZAGABE.

“Hii ilitoka wapi, maman Eulalie?”

“Ya Maman Agathe. Ni nadhiri.” Eulalie alisema hivyo kwa fahari. “Ya kwanza iliwekwaka na mutoto wake, Akonkwa. Lakini ilikuwa ya bure, ilimupiga sista mumoja courant ku mukono mpaka akaanguka. Padiri akasema ifungwe. Akonkwa akaitoa, akaahidi, nikirudi Bunyakiri nitaleta yenye haiume. Hakurudi. Basi maman yake amemalizia neno la mutoto.”

“Na ile ya kwanza, yenye kuuma?”

“Akonkwa aliirudishaka kwao. Mbona unauliza?”

Georgette alipiga picha kaboiti, skrubu, waya, jina. Akamwomba Eulalie asimame shahidi, ajue ni nini kinachukuliwa na kutoka wapi. Halafu akachomoa. Nje maji yakakatika, yakaanguka kwenye beseni kwa mpigo mmoja, na sauti ya watu ikaanguka nayo.

“Maman,” mwanamke yuleyule alisema, “unamuzima Bikira?”

Georgette aliitoa pampu ndani ya beseni, akaitia mfukoni pamoja na ile nyingine, akabeba na kaboiti. Alimpigia simu commandant kutoka kwenye ngazi za kanisa. Jeep ilikuwa imekwisha kufika. Akamwambia awape watu wa parke soda, awape chochote, asifungue mlango wa kasho mpaka amwone.

Mlango wa anexe ulikuwa wazi. Agathe alikuwa peke yake, ameinama juu ya jiko la makaa, na aliposikia hatua hakushtuka. Kwenye meza palikuwa na sufuria nyekundu ameijaza tayari, anaitafutia kitambaa. Akaifunika. Mfuniko ulikuwa wa kijani.

Georgette aliutazama ule mfuniko, na sufuria ya asubuhi ikamrudia machoni: ya kijani, mfuniko mwekundu. Hakuna jambo katika kesi ile lililomuumiza kama hilo.

“Nimepika mingi,” Agathe alisema. “Kule munamupeleka ni mbali na watu yake. Hawatamupatia kitu leo.”

“Maman Agathe, natoka ku groto.”

Agathe alifunga fundo la kwanza, akafunga la pili, akavuta kiti akakaa. Alipanga mikono yake mapajani.

“Ilikuwa inaruka juu sana,” alisema. “Nilijua haiko ya kipimo chake. Lakini nilifurahi kuiona.”

“Juu ya nini, maman? Ndugu yako, tumbo moja.”

“Alijua.” Sauti yake ilikuwa kavu. “Ile asubuhi alituma Akonkwa Bunyakiri, alikuwa amepata message. Barabara imefungwa, kuna risasi. Akanyamaza, juu wageni wake walikuwa wanakuja kuangalia pampu ya kituo cha afya kama inatembea. Akamuambia mutoto wangu, enda.”

“Nani alikuambia hayo?”

“Yeye. Mwenyewe. Nilishuka kuchukua makala, nikamukuta kule chini, mukono mu maji, anapanga mawe yake. Akaanza kusema, hata sikumuuliza. Eti, dada, inanilemea, nilijua, lakini nilifikiri atapita. Nikasimama na makala yangu. Nikawaza, sasa atatoa mukono, atapiga magoti, tutalia wote wawili. Hakuutoa. Akaniuliza kama nimeona samaki yake mupya.”

Nje rozari ilikuwa inaendelea bila yeye, mtu mwingine ameishika.

“Pampu ya mutoto ilikuwa chini ya kitanda changu. Alinikataza kuigusa, akaniambia, maman, hii inaua. Basi.”

“Na Zagabe?”

Agathe akaisogeza sufuria karibu yake. “Sikuwaza watafunga mutu. Mungu wangu anajua. Niliwaza watasema ni courant. Mu huu muji courant inaua watu kila siku, nani alishafungwa? Watazika, itaisha. Kumbe mumefunga baba ya mutoto mudogo.”

“Ungekuja kusema.”

“Nilikuja. Kila asubuhi nilikuja kusema. Nafika pale ku meza, ule polisi ananiangalia, naacha sufuria, narudi.” Akainua macho. “Alikuwa anakula?”

“Anakula, maman. Anamaliza.”

Agathe akavuta pumzi ndefu, akasimama, akachukua sufuria yake. Georgette alitaka kumpokea, mzee akakataa. Wakapita nyuma ya nyumba wasipite katikati ya watu wa matanga, ingawa Noëlla, upawa mkononi, aliwaona kupitia dirishani. Alimwona wifi yake, akaona mfuko mweusi na kaboiti keusi mkononi mwa OPJ. Upawa ukabaki hewani.

Kasho, watu wa jeep walikuwa wameegemea gari lao na soda za commandant. Georgette aliingia na Agathe ofisini, akaweka kaboiti mezani, akaweka pampu mbili ubavu kwa ubavu, akaandika. Agathe alisema yote mara ya pili kwa maneno yaleyale, hakuomba kitu, akatia sahihi kwa mwandiko mzuri wa shule ya masista. Commandant alisoma karatasi mpaka mwisho, akavua kofia, akaivaa tena.

“Mufungulie fundi,” alimwambia Firmin.

Zagabe alitoka akikinga macho kwa mkono. Mtu wa kwanza kumwona ni bibi mzee aliyesimama mbele ya mlango na sufuria iliyofungwa kitambaa. Akakitambua kitambaa cha jikoni. Akatazama sufuria, akamtazama mwenyewe, na uso wote ukamfunguka.

“Kumbe ni weye, maman.” Akainama, akashika mkono wa Agathe kwa mikono yake miwili. “Bila weye ningelikufa humu ndani. Mungu akulipe. Mutoto wangu nitamuongezea jina lako.”

Firmin akatazama ukuta. Agathe ndiye aliyeuvuta mkono wake, polepole, akamsogezea sufuria.

“Ilikuwa yako ya leo,” alisema. “Kula mbele ya kwenda.”

“Hapana, maman. Mimi nitakula Luvungi, mbele ya bibi yangu.” Zagabe alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, ameshaanza kurudi nyuma kuelekea barabarani. “Mupatie mwenye anabaki mule. Kuko siku zote mutu mumoja mwenye hana mutu.”

Alikwenda mbio, hakugeuka kutazama.

Firmin alimtazama Georgette. Georgette akaitikia kwa kichwa. Basi polisi wa zamu akaichukua sufuria mikononi mwa Agathe, akaiweka mezani, akafungua fundo la kwanza na la pili. Akachukua kipande chake cha waya, akakidunga kwenye bugali huku na huku, akakoroga sombe. Akafunika kwa mfuniko wa kijani. Kisha akafungua mlango wa chuma, akamngoja Agathe apite, akampa sufuria yake.